AFP safi ya binadamu: mikrogramu 100 na mahali zinapopotelea

Kichupa cha AFP safi, protini ya damu ya kijusi, kikifika maabara huonekana kama kitupu. Kiinue kwenye mwanga, utaona utando mweupe chini kabisa, mfano wa uji uliokaukia kwenye kikombe. Lebo inasema 0.1 mg, yaani mikrogramu 100. Mtu mzima mwenye afya ana chini ya nanogramu 10 za protini hii katika kila mililita ya seramu (maji ya damu yanayobaki ikishaganda), kwa hiyo ukitaka kukusanya mikrogramu 100 kutoka kwa watu wazima utahitaji zaidi ya lita 10 za seramu, tena bila kupoteza hata tone. Ndiyo maana kichupa kina bei yake, na ndiyo maana inauma nusu ya utando huo ikiishia kwenye mfuniko au ukutani mwa kichupa cha plastiki.

AFP ni kifupi cha alfa-fetoprotini. "Alfa" ni eneo inapokimbilia protini hii seramu ikitenganishwa kwa umeme, na "feto" ni kijusi. Mimba ikiwa changa hutengenezwa kwenye kifuko cha kiini, kisha ini la kijusi hushika kazi hiyo. Kati ya wiki ya 12 na ya 14 damu ya kijusi huwa na karibu miligramu 3 kwa mililita, kiwango cha juu kuliko wakati mwingine wowote wa uhai wa binadamu. Mtoto akizaliwa kwa wakati wake, kiwango kimeshuka hadi makumi ya maelfu ya nanogramu kwa mililita, na tangu hapo nusu ya iliyopo huondoka takriban kila baada ya siku 5. Ndiyo maana AFP ya mtoto wa mwezi mmoja haisomwi kwa kigezo cha mtu mzima.

AFP ni ndugu wa albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye seramu, na undugu huu ndio chanzo cha nusu ya matatizo yote ya kuisafisha. Jeni zao ni majirani kwenye kromosomu ya 4. AFP ina asidi amino 591, albumini 585, na mpangilio wao unafanana kwa karibu asilimia 40. Uzito wa AFP ni karibu kilodaltoni 70 (kipimo cha uzito wa molekuli), wa albumini 66. AFP hubeba mnyororo mmoja wa sukari, albumini haina.

Majina nayo huchanganya. Fetuini si AFP. Ni protini nyingine iliyopewa jina hilo mwaka 1944 baada ya kupatikana kwenye seramu ya ndama aliye tumboni. Hemoglobini F nayo ni ya kijusi, lakini inakaa ndani ya chembe nyekundu, haielei kwenye plazima. Na ile seramu ya ndama inayolishwa seli za maabara ina AFP yake, ya ng'ombe. Kingamwili isiyochagua vizuri inaweza kuishika hiyo ukadhani seli zako ndizo zilizoitoa. Dawa yake ni rahisi: pima lishe tupu (kimiminika cha kukuzia seli) ambayo haijawahi kuguswa na seli. Isiposoma sifuri, tatizo liko kwenye lishe au kwenye kingamwili.

Inatoka wapi

Neno "kijusi" huwashtua watu, hasa likionekana kwenye fomu ya kuomba kibali cha maadili. Bidhaa nyingi za leo hazitokani na mimba zilizotoka. Chanzo kimoja ni damu ya kitovu: mtoto ameshazaliwa, kitovu kimeshakatwa, na damu iliyobaki upande wa kondo la nyuma inakingwa. Kwa familia nyingi kondo si takataka, kwa hiyo hata kama lingetupwa, mama anaulizwa na anasaini kwanza.

Chanzo cha pili ni seli za HepG2, zilizotokana na uvimbe wa ini wa kijana wa miaka 15 wa Argentina. Seli hizi zinaendelea kumwaga AFP kwenye lishe kana kwamba bado ni ini la kijusi. Kwa kazi nyingi vyanzo hivi viwili ni sawa, ila si kwa zote. Sukari iliyoning'inia kwenye AFP ya seli za saratani mara nyingi huwa na fukosi ya ziada kwenye shina, na hiyo hushikwa na lektini, protini inayonasa sukari, inayotolewa kwenye mbegu za adesi. AFP inayoshikwa hivyo huitwa AFP-L3 na huelekeza kwenye saratani ya ini, ilhali ile ya damu ya kitovu kwa sehemu kubwa haishikwi. Anayejaribu kipimo cha L3 kwa kutumia AFP ya kitovu kama stendadi (kiasi kinachojulikana cha kulinganishia) atalaumu lektini bure.

Kwa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mambo haya hayako mbali. Homa ya ini aina ya B na sumukuvu kwenye mahindi na karanga ni visababishi vikubwa vya saratani ya ini, na chanjo ya homa hiyo iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi walizaliwa kabla yake. Uhusiano wa AFP na saratani ulianza kwa Abelev, Urusi, aliyeikuta kwenye panya wenye uvimbe wa ini mwaka 1963; mwaka uliofuata Tatarinov akaiona kwa wagonjwa. Mwaka 1972 Brock na Sutcliffe wakaonyesha kwamba hupanda kwenye maji ya uzazi mtoto anapokuwa na mgongo wazi au kasoro kubwa ya ubongo, kwa kuwa inavuja pale ngozi isipofunga. Atakayetaka kuchunguza lolote kati ya hayo akiwa Mbeya, Iringa au Njombe anahitaji rula ya kupimia. Kichupa ndiyo rula.

Kuitenga na ndugu yake

Chukua mililita 100 za seramu ya kitovu. Kama ina mikrogramu 50 za AFP kwa mililita, ndani yake mna miligramu 5. Albumini, ikiwa miligramu 35 kwa mililita, ni miligramu 3,500. Kwa kila sehemu moja unayoitaka kuna 700 za ndugu yake ambazo huzitaki.

Hatua ya kwanza ni kupima seramu yenyewe kwa VVU, homa ya ini B na homa ya ini C, na hata majibu yakiwa safi inashikwa kwa glavu na tahadhari zilezile za damu yoyote. Kisha chumvi ya amonia salfati huongezwa polepole, kwenye barafu, hadi asilimia 50 ya kiasi cha juu kabisa kinachoweza kuyeyuka. Kingamwili nyingi huganda na kuzama, AFP na albumini hubaki juu. Chumvi ikimwagwa kwa pupa huganda mabonge yanayonasa hata usichotaka kigande.

Maji ya juu huchujwa chumvi kwa mfuko wa dayalisisi, kisha hupitishwa kwenye safu, yaani bomba lililojazwa chembe, zenye rangi ya Cibacron Blue. Albumini ya binadamu hung'ang'ania rangi hiyo. AFP kwa sehemu kubwa hupita. Ukijaza safu kupita uwezo wake, albumini iliyokosa pa kushika nayo inapita, na hapo hujatenga kitu.

Hatua inayofanya kazi kubwa ni safu ya kingamwili za AFP zilizogandishwa kwenye chembe. AFP inanasa, vingine vinaoshwa kwa bafa (kimiminika kinachoshikilia pH palepale) yenye sodiamu kloridi 0.5 M, kisha AFP inaachishwa kwa glisini ya pH 2.5 hadi 2.8. Hapa ndipo wengi huharibu. Kwenye asidi AFP hulegea umbo, na ikikaa hivyo hushikana yenyewe kwa yenyewe. Mirija ya kukingia lazima iwe tayari na bafa ya Tris 1 M ya pH 8 hadi 9, takriban moja ya kumi ya ujazo utakaodondokea humo, ili kila tone litulizwe linapofika. Kukusanya kwanza na kutuliza baadaye ni kutengeneza mabonge kwa makusudi. Mwisho ni safu ya kuchuja kwa ukubwa, inayoondoa AFP zilizoshikana pamoja na kingamwili zilizobanduka kwenye chembe, ambazo kwa kilodaltoni 150 ni kubwa mara mbili.

Halafu inakuja lebo yenye maneno "usafi zaidi ya asilimia 95 kwa jeli". Maneno haya yasikutulize haraka. Kwenye jeli ya SDS, inayopanga protini kwa ukubwa kwa umeme, AFP hukaa karibu na kilodaltoni 70 na albumini karibu na 66. Ukipakia protini nyingi, mistari hiyo miwili inaungana kuwa mmoja mnene, na jicho linahesabu "safi". Pakia mikrogramu 1 hadi 2 tu, uiache jeli ikimbie hadi rangi ya mbele itoke, na kwenye kijia cha jirani weka albumini peke yake. Ukibaki na shaka, pima albumini moja kwa moja kwa kingamwili zake.

Kingine ni namna ya kupima wingi. Wengi husoma mwanga wa nanomita 280 na kuchukulia kwamba 1.0 ni miligramu 1 kwa mililita. AFP ina triptofani moja tu, na triptofani ndiyo inayonyonya zaidi mwanga huo. Miligramu 1 kwa mililita inasoma karibu 0.5. Asiyelijua hili ataandika nusu ya kiasi alichonacho, kisha kila sampuli itakayopimwa kwa stendadi yake itatoka nusu.

Siku ya kuyeyusha

Makosa mengi yanayosukumiwa kisanduku cha vitendanishi au mashine huzaliwa siku hii moja.

Kichupa kitolewe kwenye friza kikae mezani dakika 20 hadi 30 kikiwa kimefungwa. Ukikifungua kikiwa baridi, unyevu wa hewa unaingia na kulowesha utando. Kizungushe kwenye sentrifuji kwa muda mfupi ili unga uliopanda kwenye mfuniko ushuke. Kisha kifungue polepole. Kichupa kilichozibwa penye shinikizo la usawa wa bahari, kikifunguliwa Mbeya kwenye mita 1,700, hupumua kwenda nje, na unga mwepesi hufuata hewa. Kilichozibwa bila hewa hufanya kinyume, huvuta kwa ghafla na kutifua unga ndani. Kwa vyote viwili, kulegeza kizibo taratibu ndiyo kinga.

Weka mililita 1 ya maji safi yaliyopatikana kwa kupoza mvuke kama lebo inasema bafa imekaushiwa ndani yake. Kama haisemi hivyo, tumia bafa ya fosfati ya pH 7.4. Yateremshe ukutani, zungusha kichupa kwa vidole, acha dakika 15 hadi 30. Usitikise. Povu ni protini iliyofunguka umbo, na iliyofunguka kingamwili haziitambui tena.

Sasa una mikrogramu 100 kwa mililita. Gawa mikrolita 20 kwenye vichupa vidogo vya plastiki isiyonasa protini. Utapata karibu 48, si 50, kwa kuwa pipeti na ukuta navyo vinakula. Kila kimoja kitayeyushwa mara moja na kutumika siku hiyo. Kurudisha mabaki kwenye friza kunaonekana kubana matumizi, lakini kila mgando na myeyuko huongeza mabonge, na stendadi iliyoganda mara tatu hujui tena ni kiasi gani.

Siku ya kupima, chukua mikrolita 20 hizo, ongeza 980 za bafa yenye albumini ya ng'ombe asilimia 1: una nanogramu 2,000 kwa mililita. Chukua 100 za mchanganyiko huo kwenye 900: una 200. Kisha 500 kwenye 500, mfululizo: 100, 50, 25, 12.5, 6.25. Albumini ya ng'ombe haiwekwi kwa mazoea. Kwenye nanogramu chache kwa mililita, plastiki peke yake inaweza kunasa sehemu kubwa ya AFP, na stendadi za chini zitaanguka kuliko za juu hadi mstari wa stendadi upinde miguuni. Albumini huwahi nafasi hizo ukutani. Isipokuwa unataka kuibandika AFP rangi au kimeng'enya: hapo albumini haitakiwi, kwa maana utaibandika yenyewe.

Angalia pia pipeti. Mikrolita 20 ikikosewa kwa mikrolita 1, mstari mzima umehama kwa asilimia 5, na hakuna stendadi nyingine itakayokuonya, kwa sababu zote zimezaliwa na tone hilohilo.

Bafa nyingi za kuhifadhia zina sodiamu azidi ya kuzuia vijidudu. Azidi huua kazi ya peroksidesi, kimeng'enya kinacholeta rangi kwenye vipimo vingi. Ukishazimua mara 500 kama hapo juu haina madhara, ila usioshee sahani ya kipimo kwa bafa yenye azidi. Na usiimwage kwenye sinki la mabomba ya shaba au risasi, hutengeneza chumvi zinazoweza kulipuka.

Nanogramu au yuniti

Maabara nyingine huandika yuniti za kimataifa badala ya nanogramu. Rula ya yuniti ni stendadi ya Shirika la Afya Duniani yenye namba 72/225, ambayo kila kichupa chake kina yuniti 100,000. Yuniti 1 ni takriban nanogramu 1.21. Kwa hiyo nanogramu 20 kwa mililita ni yuniti 16.5 hivi. Ukichanganya hizo mbili umekosea kwa asilimia 21, tofauti inayotosha kumvusha mtu mstari au kumrudisha. Kichupa cha utafiti ambacho hakijalinganishwa na 72/225 kinafaa kulinganisha sampuli zako zenyewe kwa zenyewe. Hakifai kutolea majibu ya mgonjwa, na maneno "kwa utafiti tu" kwenye lebo yana maana hiyo hasa.

Kuna mtego mwingine ambao stendadi nzuri haiuzuii. Kwenye kipimo cha hatua moja, ambamo AFP hunaswa kati ya kingamwili mbili kama daraja, sampuli yenye AFP nyingi kupindukia hujaza kingamwili za chini na za juu kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na AFP yake, na daraja kati yao halijengeki. Namba inayotoka ni ndogo. Seramu ya kitovu yenye nanogramu 50,000 na mgonjwa mwenye laki tano wote wanaweza kusoma kama mtu mwenye afya. Zimua mara 10 na mara 100: ikiwa namba baada ya kuzidisha inapanda badala ya kubaki palepale, ulikuwa mtegoni. Seramu ya kitovu anza nayo kwenye mara 1,000 moja kwa moja.

Mwinuko na baridi

Maelekezo ya vipimo huandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari, wenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Asubuhi ya Juni au Julai, chumba cha maabara Mbeya, Njombe au Makambako kinaweza kuwa chini sana ya hapo. Kingamwili hushika polepole, kimeng'enya hufanya kazi polepole, rangi inatoka hafifu. Mbaya zaidi, sahani iliyoanza saa mbili asubuhi kwenye baridi na iliyoanza saa nane mchana haziwezi kulinganishwa hata kama stendadi ni ileile. Weka kipimajoto mezani, siyo ukutani, na tumia inkubeta ya nyuzi 25 kwa kila hatua iliyoandikwa "joto la chumba". Vimiminika vyote vitangulie humo nusu saa.

Hewa nyepesi nayo ina madai yake. Shinikizo la Mbeya ni karibu kilopaskali 83, la pwani 101. Maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo sampuli za jeli zinazotakiwa nyuzi 95 zitumie bloku ya joto, siyo sufuria. Otokilevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) yenye geji ya kawaida ikionyesha pauni 15 haijafika nyuzi 121. Inahitaji karibu pauni 17 na nusu. Fuata kipimajoto. Na anayekuza HepG2 akiweka kaboni dayoksaidi asilimia 5 kama kitabu kinavyosema, anawapa seli kidogo kuliko walivyokusudia waandishi: asilimia 6 ndiyo inayolingana, la sivyo lishe inaelekea rangi ya zambarau na seli zinasusa.

Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na lori likikwama kwenye mlima wa Kitonga hakuna anayejua saa ya kufika. Unga uliokaushwa huvumilia siku chache za vibarafu vya jeli. AFP iliyokwisha yeyushwa haivumilii hivyo, inahitaji barafu kavu ya kutosha na ziada ya siku nzima. Anayepewa nafasi ya kuchagua aagize ya unga.

Kwenye friza yenyewe epuka ile inayojiyeyusha barafu, kwani hupasha moto kuta zake kila mara na vichupa vya mikrolita 20 huhisi kabla ya kitu kingine chochote. Kwa umeme wa kukatika usiku, gandisha maji kwenye kikombe kidogo, weka juu yake sarafu ya shilingi 200, kiache karibu na rafu ya stendadi. Asubuhi ukikuta sarafu juu, sawa. Ukiikuta chini, kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena wakati hakuna mtu. Andika tarehe, vichupa hivyo vitumike kama alama ya kilodaltoni 70 kwenye jeli, na mstari wa stendadi uanzie kichupa kingine.